Jengo letu linavuja: je, makumbusho madogo yanaweza kushindania tuzo?

Swali la msomaji: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mhifadhi msaidizi katika makumbusho madogo ya mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Tuna vyumba vitatu, paa linavuja wakati wa masika, na mwaka jana tuliandaa maonesho ya uvuvi kwa kushirikiana na wavuvi wenyewe. Nimesoma kwamba Manchester Museum ya Uingereza ilitangazwa kuwa makumbusho bora ya Ulaya mwaka 2025. Nilipowashauri wenzangu kwamba nasi tutafute tuzo ya kushindania, niliambiwa kwamba tuzo hizo ni za wenye majengo makubwa na fedha. Je, ni kweli? Majaji huangalia nini hasa, na tuzo huleta faida gani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu swali hili nalisikia karibu kila ninapokutana na vijana wanaofanya kazi katika makumbusho ya mikoani, na kwa sababu jibu ulilopewa na wenzako limewavunja moyo watu wengi waliokuwa na kazi nzuri mikononi.

Kwanza niwape wenzako haki yao. Tuzo ya Makumbusho Bora ya Ulaya haiwezi kuja kwenu hata mkijenga kasri, kwa kuwa hushindaniwa na makumbusho yaliyomo katika nchi wanachama wa Baraza la Ulaya, ambazo kwa sasa ni 46. Hilo ni suala la mipaka tu. Kuhusu majengo makubwa na fedha wamekosea, na historia ya tuzo hiyo yenyewe ndiyo inayowasuta.

Tuzo hiyo ilianzishwa mwaka 1977 na Mwingereza Kenneth Hudson, mtu aliyewahi kufanya kazi ya utangazaji BBC, aliyependa sana historia ya viwanda na aliyemtetea maisha yake yote mgeni wa kawaida anayelipa kiingilio. Wakati ule makumbusho yalipimwa na wataalamu kwa macho ya wataalamu wenzao: mikusanyo ina thamani gani, utafiti umechapishwa wapi, orodha imepangwa kwa utaratibu upi. Hudson hakuyadharau hayo, ila alitaka liulizwe na swali jingine, yaani mtu asiye na elimu ya fani hii akiingia mlangoni anapata nini, na akitoka anatoka na nini. Kipimo hicho kiliitwa ubora kwa umma, na ingawa Hudson alifariki mwaka 1999, bado ndicho kinachowaongoza majaji.

Mshindi wa kwanza alionesha wazi walikokuwa wakielekea. Yalikuwa makumbusho ya Ironbridge Gorge, kwenye bonde la mto Severn nchini Uingereza, penye daraja la chuma lililosimamishwa mwaka 1779. Katika bara lililojaa majumba ya kifalme yenye picha na vyombo vya dhahabu, tuzo ilikwenda kwa tanuri za kuyeyushia chuma na karakana zilizotawanyika bondeni, mahali ambapo mjukuu wa mfua chuma angeweza kuingia na kuiona kazi ya babu yake ikiheshimiwa. Mshindi hukabidhiwa sanamu ya shaba iliyotengenezwa na Henry Moore, iitwayo Yai, akakaa nayo mwaka mmoja kisha akaipitisha kwa atakayefuata. Kila mara ninapoifikiria desturi hiyo huona ina busara, kwa kuwa heshima yenyewe ni ya kupokezana.

Jambo la pili la kulielewa ni kwamba majaji wa tuzo hiyo hawaishii kwenye makaratasi. Makumbusho yanayoomba hutembelewa, na majaji huzungumza na wafanyakazi na kuyaona maonesho wao wenyewe kabla ya jopo kukaa. Picha nzuri zinaweza kuficha mengi, lakini haziwezi kuficha namna mlinzi anavyomkaribisha mtoto wa shule, wala namna mgeni anavyosimama mbele ya kabati la kioo sekunde tatu kisha akapita.

Hapo nikueleze jambo nililoliona kwa macho yangu, katika makumbusho fulani ya huku kwetu ambayo sitayataja. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa imewekwa ndani ya kabati la kioo, na kibao cha maelezo kilikuwa kwa Kiingereza peke yake: jina la kifaa, aina ya mti, mwaka kilipopokelewa, namba ya usajili. Akaja bibi mmoja na wajukuu watatu. Alipoiona alicheka kwa furaha, akakaa sakafuni upande kana kwamba amekalia ile mbuzi, akashika kwa mikono miwili kizio cha nazi kisichokuwapo na kuanza kukizungusha taratibu, huku akiwaeleza wajukuu kwamba ukifika karibu na kifuu uache, usikune ile ngozi ya kahawia, maana tui litaharibika rangi. Watoto walikuwa wameinama wote watatu, hata mkubwa aliyekuwa na simu mkononi. Mlinzi akaja mbio kumwambia kwamba hairuhusiwi kukaa chini. Bibi akainuka, akakung'uta kanga yake, akawashika wajukuu mkono, wakatoka bila kukifikia chumba cha pili.

Mlinzi yule alikuwa akitimiza kanuni aliyopewa, kwa hiyo simlaumu. Lakini jaji aliyelelewa katika mawazo ya Hudson angeandika ukurasa mzima kuhusu dakika zile tano. Angeuliza kwa nini aliyejua zaidi katika chumba kile alikuwa mgeni na si kibao, kwa nini hapakuwa na mbuzi nyingine ya kukalia, kwa nini hakuna aliyemuuliza bibi jina lake na anachokijua. Kuyarekebisha yote hayo kungehitaji mbuzi moja ya sokoni, daftari na nusu saa ya mazungumzo na mlinzi.

Sasa tuje Manchester, kwa kuwa ndiko ulikoanzia. Makumbusho hayo ni ya Chuo Kikuu cha Manchester, na yalifunguliwa upya Februari 2023 baada ya ukarabati uliogharimu pauni milioni 15. Kiasi hicho ni kikubwa, wala sitaki kukipunguza. Hata hivyo ukitazama kilichofanywa ndani utaona mambo mengi ambayo hayapimwi kwa pauni. Ukumbi wa Asia ya Kusini uliandaliwa pamoja na kundi la watu 30 wa jamii zenye asili ya huko, na hao ndio waliokaa na wahifadhi kuamua kipi kioneshwe na kielezwe kwa maneno gani. Wakatenga chumba cha utulivu na sala. Wakatenga mahali pa familia kukaa na kula chakula walichofunga nyumbani, jambo linaloweza kuonekana dogo kwa asiyewahi kutembea na watoto wanne ambao hawezi kuwanunulia chakula cha mgahawani. Mzazi wa namna hiyo, njaa ikianza, huondoka, na makumbusho huwa yamempoteza. Wakajenga choo chenye nafasi na vifaa vya mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kusaidiwa.

Mwaka huo huo wa 2023 walirudisha vitu 174 kwa Waanindilyakwa wa kisiwa cha Groote Eylandt, kaskazini mwa Australia. Tena wana vitu zaidi ya 40,000 vilivyotoka Afrika, vingi vikiwa stoo bila kujulikana vizuri ni nani aliyevitengeneza na vilichukuliwa vipi, nao wamelikiri jambo hilo hadharani na kuwaomba Waafrika na watu wenye asili ya Afrika wasaidie kuvitambua. Kwangu mimi hilo ndilo tendo la ubunifu kuliko yote waliyoyafanya. Makumbusho yaliyozoea kufundisha yamekubali kusema mbele ya watu kwamba hayajui, na yanaomba kufundishwa.

Huo si mfano wa peke yake. Mwaka 2024 tuzo ilikwenda kwa makumbusho ya Siida, ambayo ni ya Wasami wenyewe, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, katika kijiji cha Inari kaskazini mwa Ufini. Miaka mitatu kabla yake, Makumbusho ya Taifa ya Ufini ilikuwa imewarudishia mkusanyo wa vitu zaidi ya 2,000 vya wazee wao, na maonesho mapya yakajengwa na watu ambao vitu hivyo ni vya jamaa zao. Nchini Kroatia, katika mji wa Zagreb, yapo Makumbusho ya Mahusiano Yaliyovunjika, yaliyoanzishwa na wasanii wawili waliokuwa wapenzi wakaachana. Yanaonesha vitu vya watu wa kawaida vilivyobaki baada ya mapenzi kwisha, kila kimoja na hadithi ya mwenyewe, na miongoni mwake limo shoka ambalo mtu aliyeachwa alilitumia kukatakata samani za mwenzake. Hakuna kitu pale ambacho mnada ungekipa thamani. Mwaka 2011 yalipata tuzo yenye jina la Kenneth Hudson, inayotolewa pamoja na ile kubwa.

Kwa udogo, mfano ninaoupenda zaidi ni Gairloch, kijiji cha pwani ya kaskazini-magharibi ya Scotland. Wenyeji walichukua jengo la zege lisilo na madirisha, lililojengwa kwa ajili ya vita baridi na kuachwa, wakalifanya makumbusho ya maisha yao na lugha yao ya Kigaeli. Mwaka 2020 yalikuwa miongoni mwa makumbusho matano yaliyogawana tuzo ya Art Fund, shirika la hisani la Uingereza linalosaidia makumbusho, moja ya mengine manne ikiwa ni Science Museum ya London. Waambie wenzako hilo: kijiji na jiji kuu walipanda jukwaa moja na kupewa kiasi kile kile.

Naona niseme neno kuhusu ubunifu, kwa sababu hapa kwetu neno hilo limekuja kumaanisha skrini. Nimesoma maombi mengi ambayo ukurasa wa kwanza umejaa habari za vioo vya kugusa na miwani ya kidijitali, na ukifika mwisho hujaambiwa hata mara moja mgeni alijifunza nini. Skrini ikiharibika na fundi akiwa mji mwingine, kinachobaki ukutani ni kioo cheusi. Majaji makini huuliza tatizo lilikuwa nini kabla ya kuuliza kifaa gani kilitumika. Ikiwa tatizo lenu lilikuwa kwamba watoto wa wavuvi hawaingii katika jengo lililo mita mia mbili kutoka nyumbani kwao, na mkalitatua kwa kuwaalika wazee wawili waje kusuka dema pale barazani kila Jumamosi, huo ni ubunifu kamili, na haudai umeme.

Umeuliza faida. Zipo, na baadhi ni za fedha. Tuzo ya Art Fund niliyoitaja ilikuwa ikimpa mshindi pauni 100,000 kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2023 imekuwa pauni 120,000. Faida nyingine ni ya kusikilizwa: mkuu wa ofisi ambaye hakuwahi kujibu barua yenu huanza kuzijibu. Wakati mwingine tuzo hukuta makumbusho yako katikati ya uamuzi mgumu na kuyapa sauti inayofika mbali. Horniman Museum ya London ilishinda tuzo hiyo ya Art Fund mwaka 2022, na wiki chache baadaye ikatangaza kwamba itahamishia Nigeria umiliki wa vitu 72 vilivyoporwa na majeshi ya Uingereza mwaka 1897 katika ufalme wa Benin, ambao uko Nigeria ya leo. Tangazo hilo lilisikika duniani kote.

Lakini sitakuwa mkweli kwako nikiacha kueleza habari za Wedgwood. Makumbusho hayo yako Barlaston, katika jimbo la Staffordshire, na yanahifadhi vyombo vya udongo na nyaraka za kiwanda kilichoanzishwa na Josiah Wedgwood katika karne ya 18. Mwaka 2009 yalishinda tuzo hiyo hiyo ya Art Fund na pauni 100,000 zake. Mwaka uliofuata taasisi iliyoyamiliki ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Kampuni ya vyombo ilikuwa imefilisika mwanzoni mwa 2009, na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi ukabaki na pengo la pauni milioni 134. Makumbusho yalikuwa na wafanyakazi watano tu katika mfuko ule wenye wanachama wapatao 7,000, lakini kwa kuwa taasisi yake ndiyo iliyobaki na uwezo baada ya waajiri wengine kuanguka, sheria ikaitwika deni lote. Desemba 2011 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mikusanyo ile inaweza kuuzwa ili kulilipa. Iliokolewa mwaka 2014 tu, baada ya kuchangwa pauni milioni 15.75, kisha ikakabidhiwa Victoria and Albert Museum, ambayo iliiacha Barlaston kwa mkopo.

Majaji wa 2009 hawakukosea; maonesho yalikuwa mazuri kweli. Ila tuzo hupima kile kilichopo mbele ya mgeni, na hatari kubwa ya makumbusho mara nyingi huwa katika hati ambazo mgeni hazioni: nani anamiliki jengo, nani anamiliki mikusanyo, deni la nani linaweza kuwaangukia. Kwa hiyo kabla ya fomu ya tuzo yoyote, tafuteni hati za umiliki wa kila kitu mlicho nacho, pamoja na zile nyavu na mitumbwi ya mfano ambayo wavuvi waliwapa kwa maneno ya mdomo tu. Waandikieni karatasi ya makubaliano, nakala moja ibaki kwao.

Sasa ni wapi mnaweza kuomba. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lililoanzishwa mwaka 1946, lina kamati ya elimu inayojulikana kama CECA, na kamati hiyo hutoa tuzo kwa miradi bora ya elimu. Ninakupendekezea hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, haifungwi na mipaka ya nchi, kwa hiyo hatua yenu ya mwanzo ni uanachama wa ICOM. Ya pili, na ndiyo inayowajibu wenzako, inayopimwa ni programu mliyoifanya na watu, wala si jengo. Kamati hiyo ina mwongozo wa kuandikia mradi wenye hatua tatu, yaani kubuni na kupanga, kutekeleza, na kutathmini, na nimeona makumbusho yakinufaika kwa kuujaza hata yasiposhinda chochote. Kama mna ushirikiano na chuo kikuu chenye mikusanyo yake, iko pia kamati ya makumbusho ya vyuo, UMAC, yenye tuzo yake.

Hatua ya tathmini ndiyo inayowaangusha wengi, nami nakuomba uitilie mkazo. Katika majopo niliyowahi kukaa, maombi mengi kutoka kwetu yalieleza uzinduzi kwa kirefu, mgeni rasmi alikuwa nani na alikata utepe saa ngapi, kisha yakanyamaza. Jaji anataka kujua nini kilibadilika. Kwa maonesho yenu ya uvuvi, anza na mambo ambayo wavuvi waliyaamua wao na nyinyi mkayakubali ingawa mlikuwa na mawazo tofauti. Kama hakuna hata moja, basi hawakushirikishwa, waliombwa vitu tu. Eleza ni wanafunzi wangapi walikuja kabla na baada, kwa hesabu ya daftari la mlangoni, hata kama idadi ni ndogo. Eleza pia jambo moja lililoshindikana na mlilolifanya baada ya kushindikana. Ombi lisilo na kosa hata moja huwa silisadiki, na sidhani kama niko peke yangu.

Kuhusu paa, usilifiche. Hakuna jaji mwenye akili anayemwadhibu mtu kwa umaskini, ila uzembe huadhibiwa, na tofauti ya mambo hayo mawili huonekana katika maandalizi. Kama masika yanapokaribia huwa mnahamisha nyavu na picha kwenye chumba kikavu, mnainua masanduku kutoka sakafuni, mnakagua ukungu kila wiki na kuandika tarehe, weka daftari hilo ndani ya ombi. Kama hamfanyi hivyo, anzeni kabla ya mvua zijazo, iwe kuna tuzo au hakuna.

Rasimu ikiwa tayari, usiitume kabla hujakaa na wale wavuvi jioni moja na kuwasomea kwa Kiswahili, hasa sehemu inayoeleza walichokifanya wao. Wakikwambia kwamba hapo sivyo ilivyokuwa, rekebisha maandishi, kisha nenda ukakitazame na kibao cha maelezo kilichoko ukutani, maana huenda kosa lile lile limo humo pia.